Niliomba miaka mitatu niongezewe imani. Imekua nilipoanza kumhudumia mgonjwa. Imekuwaje?

#1 Taa ya Chini
Wakuu, salaam. Nina jambo limenikaa moyoni na nataka kusikia kutoka kwa waliolipitia.

Nimeokoka miaka 11 sasa. Mikesha, mifungo, vipindi vya mafundisho, vyote nimefanya. Kwa miaka mitatu mfululizo nilikuwa na ombi moja tu, lile la mitume katika Luka 17:5, "Tuongezee imani." Sikuona kitu. Nilikuwa nasoma Neno kama barua iliyoandikiwa mtu mwingine.

Miezi 14 iliyopita mzee jirani yetu alipata kiharusi, upande wake wa kulia ukapooza. Mkewe hana nguvu za kumgeuza peke yake, akaniomba nimsaidie wiki moja. Mpaka leo naenda kila jioni. Namgeuza, namwosha, nabadilisha mashuka, halafu namsomea zaburi mbili tatu kwa sababu macho yake hayafuati tena mistari. Sikwenda kutafuta baraka. Nilikwenda kwa kuwa niliona haya kukataa.

Kwenye mwezi wa nne au wa tano nikashtuka: naomba tofauti. Naomba kama ninayeongea na mtu aliyemo chumbani. Hofu ya kifo iliyokuwa ikinikaba usiku imelegea. Na zile zaburi ninazomsomea yeye zinaniingia mimi.

Je, imani hukua kwa kusaidia watu? Au ilikuwa inakua zake polepole, na mimi nimeunganisha mambo mawili yasiyohusiana?

#2 Bin Zebedayo
Mbona jibu liko wazi mkuu. Yakobo 2:22 anasema imani ya Abrahamu "ilikamilishwa" kwa njia ya matendo yake. Imani ni kama mguu uliofungwa plasta muda mrefu. Upo, ni mzima, lakini umesinyaa kwa sababu haukanyagi. Wewe ulikuwa umelala na plasta ya mikesha, sasa umekanyaga chini. Basi.

#3 Kalamu ya Mwanzi
Bin Zebedayo, polepole. Kuita mikesha plasta ni kumvunjia heshima mtu aliyelia mbele za Mungu miaka mitatu. Nani kakwambia zile sala hazikujibiwa? Huenda ule ugonjwa wa jirani ulimkuta mleta mada akiwa tayari ameandaliwa kwa maombi yale yale anayodhani yalipotea.

Soma Waefeso 2:8 mpaka 10 bila kuruka. Neema kwanza, imani, halafu ndipo matendo mema ambayo Mungu aliyatengeneza tokea awali. Tazama na Matendo 6. Stefano anaitwa "mtu aliyejaa imani na Roho Mtakatifu" kabla hajagusa meza hata moja ya wajane. Walichagua waliojaa, wakawapa kazi. Hawakuwapa kazi ili wajae.

#4 Kiti cha Nyuma
Nafuatilia uzi huu kwa karibu. Endeleeni.

#5 Shemasi Mstaafu
Namheshimu Kalamu, lakini ameishia njiani. Stefano aliingia akiwa amejaa, sawa. Alitoka akiwaje? Sura ya 7 huyu mhudumu wa meza anasimama mbele ya baraza na kutoa hotuba ndefu kuliko zote katika kitabu cha Matendo, kisha anakufa akiwaombea wanaompiga mawe. Filipo, mwenzake wa meza, sura ya 8 yuko Samaria anahubiri.

Na kuna mstari tunaosoma siku za kuwekea mashemasi mikono tukiupita haraka, 1 Timotheo 3:13. Watendao vema kazi ya shemasi hujipatia daraja nzuri "na ujasiri mwingi katika imani". Daraja hapa ni ngazi, hatua ya kupandia, si lile la kuvukia mto. Paulo anasema waziwazi kwamba ujasiri wa imani unapatikana ndani ya utumishi, na utumishi wenyewe ulikuwa kugawa, kuzungukia wagonjwa, kuhesabu kilichopo na kisichopo.

Nimefanya kazi hiyo miaka 26. Siwezi kusema ni mistari mingapi ya Biblia niliielewa nikiwa nimekaa, na mingapi nikiwa nimesimama mlangoni kwa mtu. Ila ile ya mlangoni sijaisahau.

#6 Bin Zebedayo
Asante Shemasi. Kalamu, unaona? Tatizo lilianza kwa Martin Luther, yule Mjerumani aliyeanzisha Uprotestanti. Alipoona Yakobo anamsumbua akautoa waraka wake kwenye Biblia, na sisi tumerithi uvivu.

#7 Mtunza Kabati
Hapana ndugu, hakuutoa. Katika Agano Jipya lake la Kijerumani la 1522 aliuacha, ila aliupeleka mwishoni pamoja na Waebrania, Yuda na Ufunuo, na katika dibaji akauita waraka wa majani makavu. Matoleo ya baadaye yaliliacha neno hilo. Na Luther huyo huyo, katika dibaji ya Warumi ya mwaka huo huo, anasema imani ni kitu hai chenye shughuli nyingi, kisichoweza kukaa bila kutenda mema. Tumkosoe kwa alichofanya, si kwa asichofanya.

#8 Bin Zebedayo
Nimesahihishwa, nakubali. La Yakobo 2:22 nabaki nalo.

#9 Zamu ya Usiku
Mimi ni muuguzi, mwaka wa 19 huu. Naomba niwaulize jambo ambalo huwa halisemwi kanisani.

Kama kumgeuza mgonjwa kunakuza imani, basi wodi zetu zingejaa watakatifu. Nimewageuza watu maelfu. Nina wenzangu wanaofanya hivyo kwa upole mkubwa na hawamwamini Mungu kabisa, na wengine waliingia kazini wakiwa waumini wakatoka wakiwa wakavu. Mateso yanayofuatana bila kupumua humfanya mtu aulize maswali ambayo hawezi kuyauliza kwenye kikundi cha sala. Mimi mwenyewe nilikaa miaka minne nikienda ibadani kwa sababu ya watoto tu. Kwa hiyo si kitendo chenyewe. Kuna kitu kingine ndani yake, na ningependa mtu anionyeshe ni nini.

Taa ya Chini, pembeni kidogo: mzee anageuzwa mara ngapi? Wewe wa jioni peke yako hutoshi. Utaratibu wa kawaida ni kila baada ya saa mbili hivi. Mwinueni kwa shuka la chini mkiwa wawili, msimburute, maana kuburuta kunachuna ngozi. Angalieni visigino, nyonga na pale chini ya mgongo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa kwa mkono: pakiwa pa moto au pagumu kuliko pembeni yake, kidonda kinaanza. Na ule mkono uliopooza msiuvute wakati wa kumwinua, bega hutoka.

#10 Taa ya Chini
Zamu ya Usiku, Mungu akubariki. Mchana mkewe na binti yao wanamgeuza, usiku kuna pengo la saa tano. Na mkono tulikuwa tunauvuta. Leo leo nitawaambia.

Swali lako sina jibu lake. Limenitia wasiwasi, na nimelistahili.

#11 Mti wa Kando ya Maji
Nadhani jibu la #9 liko Yohana 7:17. "Mtu akipenda kuyatenda mapenzi yake, atajua." Neno la kushika ni *akipenda*. Wawili wanaweza kufanya kazi moja, mmoja ameielekeza kwa Mungu na mwingine kwa saa ya kutoka. Wa kwanza anajua kitu ambacho wa pili hajui.

#12 Zamu ya Usiku
Mti, nisamehe, hiyo inaniumiza kidogo. Miaka ile minne sikuwa natazama saa ya kutoka. Nilikuwa napenda kuyatenda mapenzi yake kwa nguvu zangu zote, na bado kulikuwa giza.

#13 Mti wa Kando ya Maji
Umesema kweli, na mimi nimesema haraka mno. Nisamehe dada.

#14 Mtunza Kabati
Kwa ajili ya Zamu ya Usiku naleta mifano miwili ya historia. Haitamaliza ubishi, pengine itauongeza.

Wa kwanza ni John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti. Mwaka 1730, akiwa Oxford, yeye na wenzake walianza kwenda gerezani kuwatembelea wafungwa, wakawafundisha watoto maskini na kuwahudumia wagonjwa. Baadaye alifundisha kwamba matendo ya rehema ni njia ya neema, sawa na sala na meza ya Bwana. Mleta mada angempenda. Lakini hesabuni miaka: moyo wake ulipata joto la uhakika tarehe 24 Mei 1738, akiwa ameketi mkutanoni jioni, anasikiliza dibaji ya Luther kwa Warumi ikisomwa. Miaka minane tangu aanze kwenda gerezani, halafu uhakika unamjia akiwa kitini.

Wa pili ni Mama Teresa, yule mtawa aliyewahudumia maskini wa Kalkuta, India. Shirika lake lilianza 1950, Tuzo ya Nobel akapata 1979, akafariki 1997. Barua zake zilipotolewa mwaka 2007 watu walishangaa: karibu miaka 50 ya utumishi ule alikuwa anaishi katika giza la ndani, hamsikii Mungu. Naye hakuacha kazi.

#15 Kalamu ya Mwanzi
Wesley ameifunga hoja. Miaka minane ya matendo haikumpa alichopewa jioni moja kwa kusikia. Imani chanzo chake ni kusikia, Warumi 10:17.

#16 Shemasi Mstaafu
Hajaifunga, Kalamu. Neno lile lilianguka kwenye udongo ambao miaka minane ya gerezani ilikuwa imeulima. Watu wangapi walisikia dibaji ile ile jioni ile wakaenda kulala?

#17 Kalamu ya Mwanzi
Hapo unadhania tu, Shemasi. Wesley mwenyewe aliandika kwamba kabla ya siku ile alikuwa anategemea matendo yake. Kwake ule ulikuwa mzigo wa kuutua. Hakuuita udongo uliolimwa.

#18 Shemasi Mstaafu
Na baada ya siku ile akarudi gerezani. Alihubiri kwa wafungwa mpaka uzeeni.

#19 Kalamu ya Mwanzi
Hilo nalikubali, kwa sababu ndilo ninalosema tangu #3. Kwanza moyo, halafu gereza.

#20 Mama Wawili
Nyie wawili mnaweza kukimbizana mpaka Ufunuo. Naomba nipite katikati yenu.

Mimi imani yangu ilikauka KWA SABABU ya kusaidia. Miaka sita niliongoza huduma ya watoto yatima kanisani kwetu. Kila jambo lilipita kwangu, na simu zilianza alfajiri. Nilikuwa najua majina ya watoto 43 na sikuwa najua mara ya mwisho niliomba lini bila kuomba *kitu*. Siku moja mtoto mmoja alinikimbilia anikumbatie nikajikuta namwona kama kazi nyingine. Nililia kwenye gari saa nzima. Nikajiuzulu, na nililaumiwa sana.

Luka 10 imenisaidia kuelewa. Msamaria mwema anaishia mstari wa 37, na mstari wa 38 tuko nyumbani kwa Martha anayehangaika kwa utumishi mwingi. Luka ameziweka kurasa hizo zikigusana. Ukitoka kwenye ya kwanza umewaka moto wa kusaidia, ya pili inakungoja mlangoni. Na yule Msamaria mwenyewe, tazameni: alitoa dinari mbili, akamkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni, akaendelea na safari yake. Hakuhamia pale. Mimi nilihamia.

#21 Bin Zebedayo
Mama Wawili, nimesoma mara mbili. Sikuwahi kuuona huo mstari wa 38 hivyo. Pole kwa lawama.

#22 Mtunza Kabati
Nyongeza kwa #20. Wagalatia 6 ina maneno mawili ambayo Biblia yetu imeyatenganisha vizuri. Mstari wa 2 ni mizigo, "mchukuliane mizigo". Mstari wa 5 ni furushi, kila mtu atalichukua *furushi* lake mwenyewe. Mzigo ni ule unaomwelemea mtu, usiobebeka peke yake. Furushi ni lile la safari, la kila msafiri. Wengi tunaochoka tumebeba mafurushi ya watu.

#23 Mgeni Mlangoni
Hoja ya mafurushi imenigusa. Nilimpa mtu makazi kwangu miezi saba, kijana mzima, ana nguvu. Nilisema namtumikia Kristo. Aliondoka na vitu vyangu. Tangu hapo mtu akisema "saidia" moyo wangu unafunga mlango wenyewe. Paulo si alisema asiye na kazi asile?

#24 Shemasi Mstaafu
Pole sana. Ila mstari huo, 2 Wathesalonike 3:10, haumzungumzii asiye na kazi. Unamzungumzia *asiyetaka* kufanya kazi. Umewahi kutumiwa kufukuza watu waliokuwa wanaitafuta kazi usiku na mchana. Na mstari wa 13, palepale chini yake, unasema msikate tamaa katika kutenda mema, nadhani kwa sababu Paulo alijua watu kama yule kijana watatukatisha.

#25 Mgeni Mlangoni
Sijafika mstari wa 13 bado. Lakini asante kwa kutonihubiria.

#26 Sauti ya Pili
Na wale wanaosaidia wakiwa na kamera? Mnyonge anapewa msaada, anasimamishwa, anapigwa picha, kesho yuko mtandaoni kila mtu anamwona. Imani ya nani inakua hapo?

#27 Bin Zebedayo
Mathayo 6:3. Mkono wa kushoto usijue. Siku hizi mkono wa kushoto ndio unaoshika simu.

#28 Mama Wawili
Nitetee kidogo. Tulipokuwa hatuonyeshi picha, waliochanga waliuliza fedha zimekwenda wapi. Tulipoonyesha, tukaambiwa tunajitangaza. Mwisho tulipiga picha za mikono tu na vitu, bila nyuso za watoto. Anayehukumu awe amewahi kutoa hesabu ya michango kwanza.

#29 Sauti ya Pili
Kweli, sikuwaza upande huo.

#30 Mti wa Kando ya Maji
Tumeacha swali la #9 na #1. Nijaribu tena, kwa uangalifu zaidi.

George Müller alifungua nyumba yake ya kwanza ya yatima Bristol mwaka 1836, na kabla ya kufa alikuwa amelea watoto zaidi ya 10,000. Alisema wazi kwamba lengo la kwanza la nyumba zile lilikuwa kuitia nguvu imani ya waumini, waone kwamba Mungu bado anajibu sala. Watoto wenyewe, kwa mpangilio wake, walikuja baada ya hilo. Ndiyo maana hakumwomba mtu fedha. Alitaka uhitaji uende kwa Mungu peke yake, na majibu yaandikwe.

Ninachokiona hapo ni upungufu. Ukisaidia kwa dhati unafika mahali unapoishiwa, na mahali hapo ndipo sala inapokuwa sala. Mtu asiyeishiwa ana haja gani ya kuamini? Taa ya Chini alikuwa anaomba imani kama mtu anayeomba akiba. Sasa anaomba nguvu za jioni ya leo.

#31 Zamu ya Usiku
Hii imenikaribia. Lakini niliishiwa na mimi, na nilipoishiwa sikumkuta mtu. Ndiyo tofauti ninayoitafuta. Mwenzangu mmoja, Mkristo pia, aliishiwa wodi ile ile, mwezi ule ule, akamkuta.

#32 Mti wa Kando ya Maji
Sina la kukujibu hapo.

#33 Taa ya Chini
Nimekaa na uzi huu siku nzima. Niliyeleta ombi la Luka 17:5 sikuwahi kuusoma unavyoendelea. Bwana anajibu kuhusu chembe ya haradali, kisha moja kwa moja anawasimulia mtumwa anayetoka shambani kulima, akifika nyumbani anaambiwa ajifunge na ahudumu kwanza, na mwisho aseme amefanya tu yaliyompasa. Wao wameomba imani, Yeye anawaeleza mtu anayehudumu akiwa amechoka! Nilisoma hilo saa tano usiku, baada ya kufua mashuka.

#34 Kalamu ya Mwanzi
Ni kisa cha unyenyekevu, si kanuni ya kukuza imani. Tusilazimishe. Ila nakiri kwamba mfuatano huo sikuwahi kuutilia maanani, na nimefundisha Luka mara tatu.

#35 Nuru Hafifu
Nimejiunga leo ili niandike hapa. Nimewasoma wote.

Mimi niko upande wa pili wa habari hii. Niko kitandani mwaka wa sita. Wanaonigeuza ni dada yangu na watu wa kanisa wanaopokezana. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawa wameubeba wangu mpaka wameujua uzito wake, nawashukuru mpaka machozi.

Lakini katika machapisho 34 mmeuliza imani ya anayesaidia inakuaje. Mimi ninayesaidiwa mmenitaja kama mahali pa kufanyia mazoezi. Najua hamkukusudia.

Wanapokuja wananisomea, wananiombea, wanaondoka wakisema wamebarikiwa sana. Nafurahi. Katika miaka sita ni mtu mmoja tu aliyewahi kuketi akasema, "Na mimi niombee, nyumbani kwangu si pazuri." Ilikuwa siku kubwa kuliko zote tangu niugue. Niliomba usiku kucha kwa ajili ya nyumba yake. Sikuwa nimewahi kuamini hivyo nilipokuwa na miguu. Kama mnauliza imani inakuaje, yangu ilikua usiku ule, na sikuwa nimemfanyia mtu huyo chochote zaidi ya kuombwa.

#36 Mama Wawili
Dada, nimeshindwa kuandika. Nimewakumbuka watoto 43. Sikuwahi kumwomba hata mmoja aniombee.

#37 Mtunza Kabati
Karibu sana Nuru Hafifu. Umenikumbusha Pakomio. Mwanzoni mwa karne ya 4 alikuwa kijana mpagani aliyekamatwa kwa lazima kuwa askari, akafungiwa Thebe huko Misri pamoja na wenzake. Watu wasiowajua wakawaletea chakula na faraja. Akauliza ni akina nani hawa, akaambiwa ni Wakristo. Alipoachiliwa akabatizwa, na ndiye aliyekuja kuweka utaratibu wa watawa kuishi pamoja kwa jumuiya. Majina ya waliobeba chakula kile hayajulikani. Tunachokijua ni imani ya aliyepokea.

#38 Zamu ya Usiku
Nuru, nina swali moja, na kama ni zito liache. Yule aliyekuomba umwombee, alikuwa amekuja kukusaidia mara ngapi kabla ya siku hiyo?

#39 Nuru Hafifu
Karibu miaka miwili, kila Ijumaa. Siku ile alikuwa amechoka sana, nadhani ndiyo maana alisema.

#40 Zamu ya Usiku
Asante. Yule mwenzangu niliyemtaja #31 alikuwa na tabia hiyo, akimaliza zamu anawaambia wagonjwa shida zake. Tulimwona hana nidhamu ya kazi. Sijui kama ndicho kitu chenyewe. Nitalifikiria.

#41 Kalamu ya Mwanzi
Bado nasema kusikia kunatangulia. Lakini sasa najiuliza ni nani anayepaswa kumsikia nani.

#42 Taa ya Chini
Narudi baada ya siku tatu. Nuru Hafifu, nilikusoma nikaona aibu. Miezi 14, na sijawahi kumwomba mzee lolote.

Juzi tulipomaliza kumgeuza (tukiwa wawili, kwa shuka, mkono hatukuuvuta) niliketi badala ya kufungua zaburi. Nikamwambia mama yangu anafanyiwa upasuaji wiki ijayo na naogopa, naomba aniombee. Kiharusi kimemharibia maneno, huwa anatoa moja moja na kwa shida. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani hakunielewa, nikaanza kusimama. Akanishika kwa ule mkono mzima. Kisha akauliza, "Jina?"

Nikamtajia jina la mama. Akalirudia mara tatu mpaka likatoka sawasawa. Mkewe ananiambia tangu siku hiyo, wakimgeuza saa nane za usiku, analitaja.